Lango Lililoungua Larkpit

"Ingekuwa ni mkono wangu, lisingebaki hata jivu," Bi Hilda Mottram alisema, akamsogezea Sajenti Dawn Purkiss sahani ya biskuti. "Kula. Umekonda."

Sajenti Purkiss hakula. Alikuwa amesimama katikati ya jiko la mama yule, viatu mkononi, kwa sababu Bi Mottram haruhusu matope ndani hata yawe ya serikali. Soksi yake ya kushoto ilikuwa imetoboka kidoleni. Bi Mottram alikuwa ameshaliona lile tundu.

"Mama, nakuomba usinisaidie kukufunga."

"Nakusaidia kuandika kweli. Umeniuliza kama nililichoma, nikakujibu sikulichoma. Hukuniuliza kama nimesikitika. Sijasikitika."

"Ijumaa, mbele ya baraza la kijiji, ulisema utalichoma."

"Nilisema. Na nilisimama nilipokuwa nasema, ili wa nyuma nao wanisikie. Siyafuti."

Sajenti aliandika. Nje ya dirisha, mwisho wa barabara ndogo ya Larkpit, mabaki ya lango la mwaloni yalikuwa bado yanafuka moshi mwembamba nyuma ya utepe wa polisi. Lango hilo lilikuwa la Bwana Crispin Vane, aliyenunua ghala la zamani pale mwisho, akaligeuza nyumba ya vioo, kisha akaifunga kwa mnyororo njia ya miguu iliyokatiza shamba lake kwenda kanisani, kwa daktari na kituo cha basi. Tangu hapo, asiye na gari Larkpit alilazimika kuzunguka kwa barabara kuu, ambako hakuna pa kukanyaga isipokuwa lami yenyewe, na malori ya changarawe hayapunguzi mwendo. Mwezi wa pili, kioo cha pembeni cha lori kilimpiga Cyril Dobbs begani kikamtupa mtaroni. Mpaka leo Cyril anatembelea magongo mawili.

Bi Mottram ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba, akaandikia wilaya mpaka ikakubali kutuma mkaguzi. Mkaguzi angefika Alhamisi kusikiliza waliokuwa wakiipita njia ile miaka yote, aamue kama ni njia ya umma. Shahidi wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe, aliyeipita tangu akiwa na mkoba wa shule. Wengine walikubali kusema kwa sababu yeye anasema.

"Jana, Jumatatu ya sikukuu, ulitoka kwenye sherehe mapema," Sajenti aliendelea. "Kijiji kizima kiko uwanjani, watu wanavuta kamba, wewe unaondoka. Muda si muda, moshi."

"Miguu iliniuma."

"Nani alikuona ukiingia nyumbani?"

"Paka."

"Na kopo la petroli tulilolikuta kwenye ua wako?"

"Mashine yangu ya kukatia majani naisukuma kwa mikono hii miwili. Petroli niifanyie nini, niinywe?"

Simu ya Sajenti ililia. Alikuwa Inspekta Hallam, mkuu wake, na Hallam alikuwa na sauti inayosikika hadi upande wa pili wa jiko.

"Purkiss, unangoja nini? Tishio lipo, kopo lipo, na wa kuthibitisha alikokuwa hana. Mlete kabla ya saa kumi na moja. Ashtakiwe, apewe dhamana arudi kwake. Sharti la kawaida tu, asikaribie lango wala ile njia, na asizungumze na mashahidi."

"Alhamisi kuna mkaguzi wa njia, bosi."

"Mkaguzi atawasikiliza wengine."

"Wengine hawatakuja bila yeye."

"Hilo si kazi yetu."

Sajenti alikata simu. Bi Mottram alikuwa ameanza kuvaa koti lake zuri, la kwenda mjini.

"Nimesikia," alisema, akifunga vifungo. "Twende basi. Nikitiwa ndani nitaimba usiku kucha, nao wataomba wenyewe nirudishwe."

"Vua koti, mama. Saa kumi na moja bado."

"Usinionee huruma, binti."

"Sikuonei huruma. Lile kopo lina doa la rangi ya kijani shingoni. Ni la nani?"

Bi Mottram alikunja midomo. Akatazama nje, upande wa pili wa barabara. Sajenti alifuata macho yake.

*

Wilf Garside, mstaafu wa posta, alikuwa anavuta pipa lake la taka kulirudisha ndani, akiinamisha kichwa kama mtu anayevuta maiti. Lilikuwa pipa la kahawia, lile la majani ya bustani; lori la wilaya lilichukua la kahawia wiki moja, na jeusi la taka za jikoni wiki inayofuata. Alipomwona Sajenti anavuka, akaongeza mwendo.

"Mzee Garside, ngoja kidogo."

"Nina kazi."

"Nina kopo lenye rangi ya kijani shingoni."

Wilf alisimama. "La kwangu. Nilimwaga rangi juu yake nilipopaka banda."

"Umeliona mara ya mwisho lini?"

"Jana, baada ya chakula cha mchana. Lilikuwa bandani. Banda halina kufuli. Kila mtu hapa huazima kwangu. Ngazi, koleo, petroli. Wengine hurudisha."

"Baada ya chakula ulikwenda wapi?"

"Uwanjani. Nilibeba keki za mke wangu, Noreen. Yeye yuko kwa binti yetu aliyejifungua, kwa hiyo nimeachiwa keki na..." Akakatisha. Masikio yake yakawa mekundu.

"Na nini?"

"Na mambo mengine."

Sajenti aliona jinsi alivyokuwa ameuzungusha upande mmoja wa pipa uelekee ukutani. Akalizunguka. Kwenye mpini kulikuwa na kikaratasi chekundu kimefungwa kwa uzi. Wilf alikifunika kwa kiganja, kwa kuchelewa.

"Ondoa mkono, mzee."

"Hakihusiani na lango."

"Nitaamua mimi."

Wilf alitazama nyumba ya jirani, ambako pazia lilitikisika, akashusha sauti. "Nitasema, lakini usilisome kwa sauti mahakamani. Ni mimi."

Sajenti aliinua kalamu. "Wewe ndiye uliyefanya nini?"

"Niliyetoa la kahawia. Ilikuwa wiki ya jeusi."

Sajenti alimtazama. Mzee alikuwa amefadhaika kweli.

"Noreen ndiye anayejua zamu za mapipa," Wilf alieleza. "Miaka kumi na tano sasa, Noreen akishatoa letu, mtaa mzima unatoa lile lile. Hakuna anayesoma ratiba ya wilaya. Wanachungulia tu kwetu. Jana nilikuwa na haraka ya keki, nikatoa la kahawia, nikaondoka. Wakaniiga wote. Lori limepita leo asubuhi mapema, halikuchukua hata moja. Wamefunga hivi vikaratasi vya aibu, nyumba kwa nyumba. Tazama mwenyewe."

Sajenti aligeuka akatazama barabara kutoka mwanzo hadi mwisho. Mapipa ya kahawia yalikuwa yamejipanga kando ya ua wa miti kama watoto waliorudishwa kutoka shule, kila moja na kikaratasi chake chekundu.

"Cyril hajanisalimu tangu asubuhi," Wilf alisema. "Na yeye ana samaki ndani ya lile jeusi."

"Kabla hujatoa lako jana, kulikuwa na pipa lolote nje? Jumamosi? Jumapili?"

"Hata moja. Nani angethubutu kututangulia?"

"Na wote waliiga. Hakuna aliyepatia?"

"Hakuna. Hata yule wa mwisho." Wilf alitema neno la mwisho kama mbegu ya chungwa. "Mtu hasemi na yeyote, hatujibu salamu, lakini pipa langu analichungulia kama wengine."

Sajenti Purkiss aliacha kuandika. Mwisho wa barabara, kando ya utepe wa polisi, mbele ya nguzo za mawe za Bwana Vane, lilisimama pipa la kahawia. Kikaratasi chake chekundu kilipepea kwa upepo.

Yeye mwenyewe alikuwepo pale adhuhuri ya leo gari la Bwana Vane lilipofika likitoka London, vumbi la safari juu ya kioo. Alimwona akishuka na viatu vyake vya mjini, akashika kichwa mbele ya jivu, na kusema hajaikanyaga Larkpit tangu Jumamosi.

"Mzee," Sajenti alisema, "usiliingize pipa lako. Liache lilipo."

"Mpaka lini? Watu wanalitazama."

"Waache walitazame."

*

Bwana Crispin Vane alimkaribisha kwenye jiko lenye ukuta wa kioo unaotazama shamba zima. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye shati la kitani ambalo mikono yake ilikuwa imeteremshwa mpaka kwenye viganja, ingawa jua lilikuwa linachoma. Alimimina kahawa kwa mkono wa kushoto, akaimwaga nusu kwenye kisahani.

"Natumaini umekuja kuniambia amekamatwa," alisema.

"Karibu tunamaliza. Nataka kuandika safari yako vizuri, wakili wake asipate pa kuingilia. Uliondoka Jumamosi?"

"Jumamosi asubuhi."

"Ukarudi leo adhuhuri. Katikati hapo hukurudi hata mara moja, kuchukua kitu, kutazama nyumba?"

"Hata mara moja. Nilikuwa nyumbani kwangu London. Peke yangu, nikisoma."

"Kuna mtu mwingine anayeingia hapa usipokuwepo? Mfanyakazi, mtunza bustani, jirani?"

Vane alicheka kidogo. "Jirani? Sajenti, umewaona majirani zangu. Geti la pembeni lina namba za siri, na namba anayo mtu mmoja. Mimi. Mwanamke wa usafi huja Alhamisi, nami humfungulia mwenyewe."

"Vizuri. Hilo litawaziba midomo." Sajenti aliandika taratibu, akamsomea, naye akatikisa kichwa kukubali. "Mapipa yako unayaweka wapi?"

"Nyuma ya geti hilo hilo. Kwa nini?"

"Kopo la petroli lilitupwa kwenye ua. Huenda kuna vitu vingine vimetupwa huko na huko. Wiki hii ilikuwa zamu ya pipa gani?"

"La kahawia."

"Una hakika?"

"Kila mtu anajua ni la kahawia."

"Ilikuwa zamu ya jeusi," Sajenti alisema. "Wilaya imekutumia ratiba, ile pale umeibandika kwenye friji. Bwana Garside alikosea jana mchana, na mtaa mzima ukakosea naye."

Vane aliitazama ratiba, akaitazama kahawa. "Basi niliona mapipa ya watu nilipokuwa nafika leo. Ndiyo maana nimedhani ni la kahawia."

"Inawezekana kabisa. Lakini na la kwako liko nje. Lina kikaratasi chekundu cha watu wa lori. Watu wa lori walipita asubuhi mapema, wewe ulikuwa bado London. Nani alilitoa?"

Kijiko kiligonga kisahani.

"Mimi," Vane alisema. "Nililitoa Jumamosi, kabla sijaondoka. Nilisahau."

"Jumamosi."

"Ndiyo."

"Jumamosi ulijuaje kwamba Bwana Garside atakosea Jumatatu?"

Nje, kwenye shamba, kondoo walikuwa wanakula bila haraka.

"Mtu anaweza kukosea mwenyewe," Vane alisema mwishowe. "Si lazima akosee na wengine. Niliondoka na haraka, nikavuta la kwanza lililokuwa mbele yangu. Utanifunga kwa pipa?"

"Sitakufunga kwa pipa. Hata mimi hukosea. Twende tukalifungue, tumalize."

"Una hati ya upekuzi?"

"Liko barabarani, Bwana Vane, umeliweka mwenyewe ili lichukuliwe. Lakini ukipenda tutangoja. Konstebo atakaa kando yake, nami nitapiga simu kwa hakimu kutoka kwenye kiti hiki hiki. Kahawa bado ipo."

Vane alisimama. Mfa maji haachi kutapatapa, naye njia nzima ya kutoka nje alizungumza: juu ya bei ya lango lile, juu ya rafiki zake waliopo wilayani, juu ya kikongwe mmoja mwenye kichaa anayetisha mtaa mzima. Konstebo Naylor, kijana mpana aliyekuwa analinda utepe, alivaa glavu na kufungua kifuniko.

Juu kulikuwa na majani makavu. Chini ya majani kulikuwa na majani mengine. Vane alianza kutabasamu. Naylor akazamisha mkono mpaka kwapani, akasita, akavuta mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Hata kabla haujafunguliwa, harufu ya petroli iliwafikia wote watatu. Ndani mlikuwa na glavu za bustani na koti jepesi, mkono wake wa kulia umeungua mpaka kwenye kiwiko.

"Chuma hiki kingekuwa kwenye mashine ya wilaya ya kusaga majani sasa hivi," Naylor alisema, akionyesha zipu, "kama lori lingelibeba."

"Lingebeba kama ingekuwa wiki yake," Sajenti alisema. "Bwana Vane aliona mtaa mzima umetoa la kahawia, akajua asubuhi litachukuliwa. Aliporudi adhuhuri akakuta limesusiwa, na wewe umesimama hatua mbili kutoka hapo. Bwana Vane, kunja mkono wa shati, tafadhali. Wa kulia."

"Sikunji kitu."

"Daktari atakukunjia kituoni."

Vane hakukunja. Alisema, kwa sauti ya chini iliyobadilika, "Ni lango langu. Mtu ana haki ya kuchoma mali yake."

"Anayo. Hana haki ya kutupa kopo kwenye ua wa mwenziwe, halafu akatuita. Mkaguzi angemsikiliza shahidi gani Alhamisi? Mama mwenye kesi ya moto, aliyekatazwa hata kuisogelea njia?"

Sajenti alimsomea haki zake, kisha akapiga simu.

"Umemleta?" Hallam aliuliza.

"Ninaleta mtu, bosi. Si yule."

"Purkiss, nilisema Mottram."

"Nimesikia ulivyosema. Simleti."

Akaizima.

*

Habari Larkpit hazihitaji miguu. Walipotoka mbele ya nguzo za mawe, Cyril Dobbs alikuwa amekwisha fika na magongo yake, Wilf Garside nyuma yake, na Bi Hilda Mottram mbele ya wote, bado na koti lake la mjini.

"Umeachiwa, mama," Sajenti alimwambia. "Hakuna shtaka wala sharti. Pita utakapo."

"Kwani nilikuwa nangoja ruhusa?" Bi Mottram alisema. "Na wewe andika, kwa faida ya inspekta wako mwenye kelele: nilitoka uwanjani mapema kwa sababu nilikuwa nakuja kulichoma. Kiberiti kilikuwa mfukoni. Nilikaa nyumbani kuvua viatu vya sherehe, nilipotoka nje nikakuta limeshaanza kuwaka."

"Hilo siliandiki."

"Amenitangulia tu. Nami sipendi kutanguliwa."

"Mama, nyamaza."

Cyril alicheka mpaka gongo likamteleza, Wilf akamdaka. Cyril alimtazama aliyemdaka, kisha akasema, "Haya, Wilf. Lakini samaki wangu utamzika wewe."

Konstebo Naylor alimshika Vane kiwiko. "Sajenti, gari letu nimeliacha kanisani. Gari la zima moto lilikuwa limeziba huku tangu jana."

"Lilete," Vane alisema.

"Kwa kuzunguka barabara kuu, jioni hii, na malori yanarudi kutoka machimboni, ni nusu saa," Sajenti alisema. "Kanisa lile pale."

Lilikuwa pale kweli, mnara wake mfupi juu ya shamba, na kati yao na lile kanisa kulikuwa na mstari mwembamba wa majani yaliyokanyagwa kwa vizazi, ambao hata mwaka mzima wa mnyororo haukuufuta.

"Sipiti hapo," Vane alisema.

"Basi tutembee barabara kuu. Miguu ni yako. Ila nakwambia mapema, haina pa kukanyaga."

Nyuma ya miti lori lilipiga honi, ndefu, na jingine likaitikia. Vane alilitegea sikio. Cyril Dobbs alimtazama bila kupepesa, mikono yote miwili juu ya magongo.

Naylor aliukunja utepe wa polisi. Crispin Vane akashusha macho, akainua kiatu chake cha mjini, akavuka jivu la lango lake, na kuanza kuifuata njia ya miguu kuelekea kanisani.

Bi Mottram alingoja mpaka amefika katikati ya shamba, mahali ambapo kila mtu angemwona vizuri.

"Wilf," aliita, kwa ile sauti ya kusikika na walio nyuma, "unamwona nani?"

"Namwona Bwana Vane."

"Yuko wapi?"

"Yuko njiani."

"Cyril?"

"Nami namwona. Anatembea vizuri tu."

"Alhamisi mkaguzi akituuliza ni nani huipita njia hii," Bi Mottram alisema, "tumtaje huyo wa kwanza."

Vane alisimama. Aligeuka nusu, kama mtu aliyetaka kurudi, akawaona watatu wale wamesimama kwenye jivu, bega kwa bega, nao hawakusogea.

"Endelea, Bwana Vane," Sajenti Purkiss alisema nyuma yake. "Ni moja kwa moja."